Nani kawaambia Schubert anahitaji sauti ya Wagner?

"Handel unaimba vizuri sana, dada, lakini Schubert waachie wenye sauti." Mimi ni soprano, mwimbaji wa sauti ya juu ya kike, wa muziki wa kale, ule wa enzi ya Bach na Handel. Nimeambiwa hivyo tena mwezi huu, na safari hii aliyesema ni mtu anayefundisha kuimba. Angekuwa msikilizaji wa kawaida ningeitikia kwa adabu nikapita. Lakini mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba soprano wa muziki wa kale ana sauti ndogo, nyeupe, isiyo na vibrato (mtetemo wa sauti), na kwamba sauti hiyo haiziwezi Lieder za karne ya 19, yaani nyimbo za Kijerumani za sauti na piano kama za Schubert, anawafungia mlango vijana ambao nyimbo hizo zinawafaa kuliko mtu mwingine yeyote.

Nianze na vibrato, maana hiyo ndiyo inayonichosha zaidi. Mwaka 1778, akiwa Paris, Mozart alimwandikia baba yake kuhusu mwimbaji mmoja aliyekuwa na tabia ya kutikisa sauti. Akasema sauti ya binadamu hutetemeka yenyewe kwa asili yake, na mtetemo huo ni mzuri. Ubaya unaanza pale mwimbaji anapouzidisha. Baba mwenyewe, Leopold, katika kitabu chake cha fidla cha 1756, alikuwa amekwisha kuwalalamikia wapigaji wanaotetemesha kila noti kana kwamba wana homa isiyopona. Wasome wawili hao pamoja. Mtetemo ulikuwepo, mwembamba, wa mwili wenyewe. Kilichokataliwa ni kuupanua na kuumwaga juu ya kila noti bila kujali neno linasema nini.

Kwa hiyo mtu anaponiambia "nyinyi mnaimba bila vibrato", namuuliza amemsikia nani. Ninapoimba Bach sauti yangu inatetemeka. Siiui, kwa sababu kuiua kunataka kubana zoloto, na anayebana zoloto anachoka kabla ya mapumziko. Ninachofanya ni kuuacha mtetemo uwe mwembamba, niupanue neno linapoutaka, niunyooshe kabisa pale noti inapogombana na besi na ule mgongano ndio wenye uchungu. Kazi hiyohiyo naifanya katika Schumann. Manuel García, mwalimu mkubwa wa kuimba wa karne ya 19, alifundisha mtetemo mpana kuwa rangi ya hisia kali, akaonya kwamba ukigeuka mazoea sauti inapoteza uthabiti wake. Huyu si mtu wa enzi ya Baroko. Ndiye aliyempokea mwimbaji Jenny Lind mwaka 1841 akiwa na sauti iliyochakaa na kumwamuru kwanza anyamaze. Ndiye pia aliyemfundisha mwimbaji Julius Stockhausen, na Stockhausen ndiye aliyeimba mzunguko mzima wa nyimbo za Schubert uitwao "Die schöne Müllerin" hadharani Vienna mwaka 1856, miaka 28 baada ya Schubert kufariki. Shule ya zamani ya Kiitalia aliyoifundisha García iliingia moja kwa moja ndani ya Lied. Aliyeikata kamba hiyo ni karne ya 20.

Suala la ukubwa wa sauti halichukui muda. Sauti inayopaswa kupita juu ya okestra kubwa ya opera za Wagner inahitaji nguvu nyingi katika eneo la hezi 3,000 hivi, mahali ambapo okestra imeshapungua na sikio letu liko makini. Lied haina okestra. Ina piano moja, na Schubert na marafiki zake waliziimba nyimbo hizi katika vyumba vya nyumba za watu. Jioni hizo zilipewa jina la Schubertiade akiwa bado hai. Tamasha la hadhara la kazi zake mwenyewe tupu alilifanya mara moja tu, tarehe 26 Machi 1828.

Sasa piano yenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Piano za Conrad Graf, mtengenezaji wa Vienna wa enzi ya Schubert, zina fremu ya mbao na nyundo zilizovikwa ngozi. Noti inachomoza upesi na kufifia upesi, na kila eneo la kinanda lina rangi yake. Zina pia kanyagio linaloingiza utepe wa kitambaa kati ya nyundo na nyuzi, sauti ikageuka mnong'ono. Graf ndiye aliyempa Clara Schumann piano mwaka 1840, mwaka wa ndoa yake, na ni mwaka huohuo mumewe Robert alipoandika "Frauenliebe und Leben" na nyimbo nyingine nyingi mno. Piano kubwa ya leo ina fremu ya chuma, nyundo za sufu iliyoshindiliwa, na nyuzi zilizokazwa kwa nguvu ya jumla ya tani zipatazo 20. Kumwekea mwimbaji piano hiyo, kifuniko wazi kabisa, kisha kusema sauti yake ni ndogo, ni sawa na kuwasha jenereta sebuleni halafu ukamlaumu mgeni kwamba haongei.

Chukueni "Nacht und Träume". Mkono wa kushoto uko chini sana, akodi zinapigapiga taratibu, na Schubert ameandika pp, yaani laini sana. Forte, alama ya sauti ya nguvu, haipo popote katika wimbo huo. Kwenye piano ya chuma sehemu hiyo ya chini inakuwa uji, mpiga piano anajizuia mpaka vidole vinamuuma, na mwimbaji anasukuma ili asikike. Wimbo umeshakufa. Kwenye Graf, utepe ukiwa umeingia, naweza kuanza bila shambulio lolote, nikabeba mstari mzima kwa pumzi moja, na wimbo unapohama ghafla kutoka B meja kwenda G meja, rangi inabadilika bila mimi kuongeza chochote. Pumzi ya namna hiyo inatokana na messa di voce, kuijaza noti moja na kuipunguza tena, zoezi ambalo kila mwimbaji wa muziki wa kale amelilia machozi. Hili wanaotuita "sauti ndogo" mara nyingi hawaliwezi. Nasema hivyo bila kuomba radhi.

Watauliza kuhusu "Gretchen am Spinnrade", wimbo wa Schubert wa msichana anayesokota nyuzi kwenye gurudumu akimkumbuka mpenzi wake. Noti yake ya juu kabisa ni A. Kantata namba 51 ya Bach inanipandisha mpaka C iliyo juu ya hiyo, kwa hiyo A hainitishi. Ugumu wa Gretchen uko kwingine: wimbo unapanda mara tatu, na ukimaliza nguvu kwenye ile busu, pale gurudumu linaposimama, hutabaki na chochote cha kumalizia. Schubert alikuwa na miaka 17 alipouandika, na tayari alijua kunyamazisha piano kunamuumiza msikilizaji kuliko kelele. Baada ya busu, mkono wa kulia unajaribu kuanza, unakwama, unajaribu tena. Mpigieni mwimbaji sehemu hiyo polepole, msimkimbize.

Lakini ushahidi wote hauko upande wangu, na wenzangu wa muziki wa kale hawapendi kulisema hili. "Der Hirt auf dem Felsen", ile yenye klarineti, Schubert aliiandika mwaka 1828 kwa ajili ya Anna Milder-Hauptmann, mwimbaji wa kwanza wa nafasi ya Leonore katika opera ya Beethoven mwaka 1805. Inasimuliwa kwamba Haydn alimwambia Milder, akiwa bado binti, kuwa ana sauti kubwa kama nyumba. Basi sauti kubwa zilikuwepo, na Schubert alizipenda. Anayedai kwamba Lied ni mali ya sauti nyepesi peke yake amekosea kama yule mwalimu, ila upande wa pili.

Na kuna jambo zito zaidi. Johann Michael Vogl, baritoni aliyezitangaza nyimbo za Schubert, alizipamba na kuzibadilisha. Mapambo ya namna hiyo yalichapwa katika toleo la mchapishaji Diabelli la 1830. Leopold von Sonnleithner, aliyemfahamu Schubert, aliandika baadaye kwamba mtunzi alitaka mwendo ulionyooka na hakupenda mwimbaji aigize kama yuko jukwaani. Mashahidi wawili wa karibu, na hawapatani. Mimi namfuata Sonnleithner katika Schubert wa taratibu, na Vogl ninapofika kwenye ubeti wa tatu wa wimbo unaojirudia. Sina sheria ya kunitetea, nina sikio tu.

Kuhusu portamento, yaani kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine, ndiyo dhamiri inanisumbua kabisa. Mwimbaji Adelina Patti alizaliwa 1843 na kurekodiwa 1905. Msikilizeni: vibrato nyembamba, naam, lakini anateleza kutoka noti hadi noti kwa uhuru ambao leo ungemkosesha kazi. Sisi tumeuchukua ushahidi wa vibrato kwa mikono miwili, wa kuteleza tukauacha mezani kwa sababu masikio yetu yanaona ni uchafu. Nikifuata historia kwa uaminifu, ningeteleza mara mbili ya ninavyoteleza sasa. Nafanya mazoezi hayo nyumbani. Ukumbini bado nateleza kidogo tu, na siridhiki.

Mipaka ipo. Nyimbo nne za mwisho za Richard Strauss na okestra yake siziimbi, na sitaziimba. Nyimbo za Hugo Wolf naimba baadhi. Brahms ndiye ninayebishana naye mpaka leo: nyumbani kwake Vienna alikuwa na piano ya Streicher ya 1868, kinanda cha shule ileile ya Kivienna, ingawa alizisikia pia piano nzito za wakati wake. Kwenye Streicher nakubali kuimba chochote cha Brahms kilichoandikwa kwa sauti ya juu. Mwandaaji akinipa piano ya chuma, namwomba kifuniko kishushwe na mpiga piano anayeujua mkono wake wa kushoto, ndipo tuzungumze tarehe.