Je, wajua kwa nini kumbikumbi husubiri mvua ndipo watoke?

Mvua ya Aprili au ya Novemba ikishakatika Kampala, toka nje utembee. Pita Naguru kuelekea upande wa kambi ya polisi, ambako Kiswahili husikika kila kona, au zunguka tu mtaa wako. Udongo mwekundu bado unatiririka kwenye mitaro, bodaboda wanaanza kufunua viti vyao, na chini ya kila taa kuna watoto na mabeseni. Kumbikumbi wametoka. Jana hawakuwepo hata mmoja, leo wamejaa hewani hadi unafunga mdomo unapopita.

Mbona wote siku moja? Na nani aliyewaambia?

Tuanze na wao ni nani. Kumbikumbi ni mchwa, yule yule wa kichuguu, ila huyu amezaliwa kwa kazi moja tu: kupata mwenzi na kuanzisha ukoo mpya. Vibarua wa kichuguu hawazai, askari wenye vichwa vikubwa nao hawazai, na wote hao hawaoni. Kumbikumbi ndiye aliyepewa macho kamili na mbawa nne. Na kuna jambo linalowashangaza wengi: mchwa si ndugu wa siafu wala wa chungu. Ndugu zake wa karibu ni mende.

Kumbikumbi hukomaa ndani ya kichuguu na kukaa humo wakingoja, miili ikiwa imejaa mafuta. Vibarua huwatobolea njia za kutokea, askari husimama milangoni. Kisha mvua inanyesha, unyevu unapenya kwenye kuta, matone yanatikisa ardhi, na safari inaanza.

Sababu ya kwanza ya kuingoja mvua ni udongo. Ukijaribu kuchimba udongo wetu mwekundu kwa jembe mwezi wa Januari, utajua ulivyo mgumu. Kumbikumbi wawili watalazimika kuuchimba kwa taya zao, bila msaada wa mtu. Mvua ikiulainisha, kazi inawezekana. Ya pili ni hewa. Ngozi ya mchwa ni nyembamba na hupoteza maji upesi. Jua kali la kiangazi lingemkausha kabla hajapata pa kujificha. Hewa ya baada ya mvua ina unyevu wa kumtosha.

Ya tatu ndiyo inayonivutia kuliko zote. Mvua hainyeshei kichuguu kimoja. Inanyeshea vya Naguru, vya Ntinda na vya Kyambogo kwa pamoja, kwa hiyo mchwa wa aina moja huruka saa ile ile bila kupeana habari. Dume wa kichuguu hiki hukutana na jike wa kichuguu kile, na hivyo ndugu hawaoani. Kila aina ina saa yake pia: kuna wanaoruka mchana, kuna wa magharibi, kuna wa usiku mkubwa. Halafu kuna suala la maadui. Mwewe huwadaka hewani, kunguru na wale korongo wakubwa wa Kampala tunaowaita kalooli huwaokota chini, kuku, mijusi, paka na mbwa nao hawabaki nyuma. Wangetoka wachache wachache wangeliwa wote. Wakitoka maelfu kwa mpigo, walaji hushiba na bado wapo wanaopona.

Watu wa Uganda walilijua hili zamani, na wakalitumia. Vijijini mtu hukifunika kichuguu kwa vijiti na majani ya mgomba, humwagia maji kidogo, kisha hukaa akigongagonga vijiti kwa mdundo wa haraka haraka. Mchwa wa aina fulani hudanganyika kuwa mvua imenyesha, nao hutoka moja kwa moja hadi kwenye shimo walilotegewa. Mjini mtego ni taa na beseni la maji chini yake. Baada ya siku chache utawakuta sokoni wakipimwa kwa kikombe, wamekaangwa kwa chumvi. Hawahitaji mafuta ya kupikia, maana wana yao ya kutosha.

Mafuta hayo kumbikumbi hakuyaweka kwa ajili ya kikaangio. Ni masurufu yake ya ndoa, na hapa ndipo nakusihi upunguze mwendo na uangalie chini. Jike akitua hujinyongorota kidogo na mbawa zinamdondoka. Haziumizi kitu, shinani zina mstari dhaifu, na hukatika hapo kama stempu inavyochanika kwenye vitobo vyake. Kisha huinua tumbo na kutoa harufu ya kumwita dume. Dume akimfikia, naye ameshaangusha mbawa zake, wawili hao hutembea wakifuatana, jike mbele, dume nyuma akiwa karibu kumgusa. Utawaona pembeni mwa barabara, wakipenya kati ya kokoto na majani yaliyolowa, wakitafuta pa kuchimba. Wakipata, huingia na kuziba mlango nyuma yao.

Humo ndani hawali kitu kwa muda mrefu. Huishi kwa yale mafuta, na hata misuli iliyokuwa ikirusha mbawa huyeyushwa ikawa chakula. Dume hafi baada ya kupandana kama ilivyo kwa nyuki. Hubaki na mkewe maisha yote. Mke huyo, akifanikiwa, huwa malkia anayetaga maelfu ya mayai kwa siku. Buganda wamempa heshima kubwa: Namunswa, jina la malkia wa kichuguu, ni mojawapo ya majina ya sifa ya Kabaka.

Wanaofanikiwa ni wachache mno. Kwa hiyo wakiingia barazani kwako, naomba usiwapulizie dawa. Kumbikumbi anayeruka hatafuni mlango wako, na mtoto wa jirani anaweza kumwokota huyo huyo mwenye sumu akamla. Zima taa ya nje kwa saa moja, wataondoka wenyewe.

Ukiendelea kupita njia zile zile, wiki kadhaa baadaye tazama penye vichuguu. Uyoga mweupe utakuwa umechomoza, ule unaouzwa kwa mafungu mafungu na kupikwa na karanga. Mchwa wetu wengi wa vichuguu ni wakulima: hulima kuvu chini ya ardhi juu ya majani na miti waliyotafuna, na uyoga huo ndio tunda la shamba lao. Kuvu huyo haishi porini bila mchwa. Wakati uyoga unamwaga chembe zake za uzazi ndipo wale watoto wa kwanza wa ndoa za siku ya mvua wanapotoka shimoni kutafuta chakula, wanaziokota pamoja na majani makavu, na kuzipeleka nyumbani kuanzisha shamba la kwanza.