Mtoto anayejipiga kichwa: anza na meno, masikio na tumbo

Mtoto mwenye usonji au ulemavu mkubwa wa akili akiletwa kituoni kwa sababu anajigonga kichwa ukutani, jibu huwa limeshaandaliwa: ndivyo ugonjwa wake ulivyo. Sisi wauguzi tukilikubali jibu hilo, tumeshakosea. Mtoto asiyesema hana njia nyingi za kueleza kwamba jino linamuuma.

Kwa hiyo mimi huanza na mwili. Mwangalie meno hadi ya nyuma kabisa, kisha masikio: usaha, au mdudu aliyeingia. Angalia nyayo kama kuna funza. Bonyeza tumbo upande wa kushoto chini. Ukikuta mabonge magumu, choo kimefunga, hata kama jaja (bibi) yake anaapa kwamba mtoto anaharisha. Kinyesi laini hupenya pembeni mwa kile kigumu na kuchafua nguo, na watu wakikiona wanampa dawa ya kuzuia kuhara. Hapo tatizo linaongezeka maradufu.

Ukishuku maumivu na huoni chanzo, parasetamoli ya miligramu 15 kwa kila kilo inaweza kukuonyesha njia: mtoto wa kilo 20 hupewa miligramu 300, isizidi mara nne kwa siku. Akitulia ndani ya saa moja au mbili, endelea kutafuta panapouma. Asipotulia, usiseme hana maumivu.

Macho pia yasisahaulike. Anayejigonga au kujichoma macho kwa miezi mingi anaweza kubandua utando wa ndani wa jicho na kupofuka taratibu, na upofu huo huzidisha fujo. Akitapika mara kwa mara baada ya kujigonga, akisinzia isivyo kawaida, au mboni zikitofautiana ukubwa, hapo ni hospitali mara moja.

Mwili ukiwa salama, shika daftari. Mistari mitatu inatosha kwa kila tukio: nini kilitokea kabla, alifanya nini, alipata nini baadaye. Andikeni kwa siku saba, mchana na usiku, kwa maneno yanayoonekana. "Alikasirika" haisaidii. "Aliambiwa aoge, akapiga kichwa mara sita, beseni likaondolewa" inasema kila kitu: huyu anakimbia maji. Mwingine hujipiga mama akigeukia jiko, mwingine akinyimwa biskuti. Wapo pia wanaopiga wakiwa peke yao, bila kutaka chochote kwa mtu.

Anayekimbia kazi mfundishe kuinua mkono kumaanisha "basi", na siku za kwanza mpe mapumziko papo hapo, kila mara. Anayetaka maji aguse kikombe. Wakati huohuo kujipiga kusimletee tena kile alichokuwa akikipata. Weka godoro au blanketi lililokunjwa kati ya kichwa na ukuta, bila maneno wala kumkazia macho. Tegemea siku za mwanzo apige zaidi, kwa nguvu zaidi. Familia nyingi hulegea hapo na kumpa biskuti, na mtoto anajifunza kwamba kinacholipa ni kupiga sana. Wote nyumbani wakubaliane kabla ya kuanza, pamoja na yule mjomba mwenye huruma nyingi.

Kumfunga kamba hapana. Kumlaza kifudifudi na kumkalia mgongoni kunaweza kumzuia kupumua, akafa mikononi mwenu.

Mtego mwingine ni fenobabitoni. Ni ya bei nafuu, kwa hiyo watoto wengi wenye kifafa huanzishwa nayo. Lakini kwa baadhi yao, hasa wenye ulemavu wa akili, huleta utundu usiotulia, hasira na usingizi mbovu. Kila mara uliza: fujo zilianza kabla ya dawa au baada? Ikiwa ni baada, mpeleke kwa daktari afikirie kabamazepini au nyingine. Usiikatishe ghafla hata siku moja, degedege laweza kurudi bila kukoma. Hupunguzwa kwa wiki kadhaa.

Yote yakishindikana, hospitali za rufaa za mikoa ya Uganda kama Gulu na Mbale zina vitengo vya afya ya akili, na hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika kule Kampala ina wodi ya watoto. Risperidoni, dawa ya kupunguza fujo, kwa kawaida huanza na miligramu 0.25 kwa siku kwa mtoto wa chini ya kilo 20, na 0.5 kwa aliyefika 20. Mpime uzito kila mwezi: dawa hii huongeza njaa, atataka posho (ugali) sahani ya pili na ya tatu, na ndugu watafurahi kwamba amepona. Haloperidoli, dawa nyingine ya aina hiyo, ni kali zaidi. Shingo inaweza kupinda na macho kugeukia juu ndani ya siku chache. Hali hiyo hutibika kwa dawa ya benzeksoli, lakini mlezi aelezwe dalili hizo siku anayopokea dawa, jirani asije akamtangulia kumwambia ni mapepo.