Bango la maua si posa: dhana potofu kuhusu homukamingi

Nchini Kenya, homukamingi ni waziri mpya akirudi kijijini kwao: mahema, ng'ombe wanachinjwa, hotuba hadi jua linazama. Katika sekondari za Marekani neno ni hilohilo, shughuli ni nyingine kabisa. Ikifika Septemba na Oktoba, mzazi aliyehamia huko huombwa hela, saini na nguo kwa mpigo, na wengi hujibu kwa kukisia.

"Ni prom, au mahafali kwa jina lingine"

Prom, dansi rasmi ya karibu na mwisho wa mwaka wa shule, huja kati ya Aprili na Mei, ni ya darasa la 11 na la 12, na watu huvaa gauni refu na suti ya sherehe kubwa. Homukamingi huja majira ya vuli, huwa wazi kwa madarasa yote kuanzia la 9 hadi la 12, na kiini chake ni mechi ya futiboli ya Kimarekani inayochezwa uwanja wa nyumbani. Wanaorudi nyumbani ni wahitimu wa zamani. Desturi yenyewe ilianzia vyuoni. Chuo Kikuu cha Missouri hujivunia mwaka 1911, kilipowaita wahitimu waje mjini kwake, Columbia, kushuhudia mechi dhidi ya Kansas, iliyoisha sare ya 3-3. Chuo Kikuu cha Baylor nacho hutaja 1909, na cha Illinois 1910. Ubishi wa nani alianza haujaisha, na wala hauna haja ya kuisha.

Mpangilio wa kawaida ni huu: Jumatatu hadi Ijumaa wiki ya hamasa, Ijumaa mchana mkutano wa kushangilia timu katika ukumbi wa michezo, usiku mechi, Jumamosi usiku dansi.

"Kijana aliyeleta bango na maua anamposa binti yetu"

Hapana. Bango lenye maneno ya utani, maua au boksi la donati ni namna ya kuuliza "twende dansi pamoja?" tu. Halina mahari, halina ahadi, na mara nyingi waliokwenda pamoja hata si wapenzi. Asiye na mwenzi haachwi nje: makundi ya marafiki wanane au kumi hununua tiketi, hupiga picha na kula pamoja. Anayetaka mechi peke yake, bila dansi, naye hakosei kitu.

"Lazima nguo fupi na mamia ya dola"

Gauni fupi ni mazoea. Refu linafaa, la mikono linafaa, hijabu inafaa. Kwa wavulana shati, tai na suruali ya kitambaa vinatosha. Gharama ya lazima kwa anayekwenda dansi ni tiketi, na bei yake mara nyingi hupanda kadiri siku inavyokaribia, kwa hiyo nunua wiki ya kwanza ya mauzo. Shada la mkononi la msichana na ua la kifuani la mvulana ni hiari. Mkiyanunua, yawekeni kwenye friji mbali na matunda, maana matunda yanayoiva hutoa gesi inayonyausha maua.

"Mamu ni ua la kubandika kifuani"

Hili ni la Texas, na ndipo wageni wanaposhtuka zaidi. Mamu ilianza kama ua halisi la krisanthemumu. Leo ni ua la bandia lililowekwa juu ya kadibodi ya duara, likazungushiwa vitanzi vya utepe, kisha mikanda inayoning'inia hadi magotini au chini zaidi, kengele ndogo, midoli ya dubu na majina ya msichana anayeivaa na mwenzi wake kwa herufi za kubandika. Wavulana huvaa toleo dogo mkononi, juu ya kiwiko. Rangi ni za shule. Wa mwaka wa mwisho kwa kawaida huvaa nyeupe na fedha. Huvaliwa Ijumaa darasani na uwanjani. Kwenye dansi huachwa nyumbani.

Kuitengeneza nyumbani huokoa hela nyingi, ila kuna makosa mawili ya kila mwaka. La kwanza ni kutegemea gundi ya moto peke yake: ndani ya gari lililoegeshwa kwenye jua la Texas gundi hulainika na mikanda huanguka, kwa hiyo bana kila mkanda kwa stepla kwanza, gundi ifuate. La pili ni pini. Mamu nzito huchana fulana. Ishonee utepe mpana wa kuning'iniza shingoni.

"Wiki ya hamasa kila kitu kinaruhusiwa"

Siku ya pajama, siku ya mapacha, siku ya miongo iliyopita, vita vya rangi kati ya madarasa: yote ni hiari, na kanuni za mavazi za shule hazisitishwi. Barakoa za kufunika uso na bunduki za kuchezea humfikisha mtoto ofisini haraka. Siku ya kubeba vitabu kwa chochote kisicho begi ilileta matoroli ya dukani na mikokoteni kwenye korido, na shule kadhaa zimeifuta. Soma tangazo la mwaka huu, usitegemee la mwaka jana.

"Binamu wa shule nyingine ataingia tukilipa mlangoni"

Shule nyingi hazimruhusu. Kuna fomu ya mgeni inayotaka saini ya uongozi wa shule yake, nakala ya kitambulisho, na kurudishwa kabla ya tarehe ya mwisho, ambayo aghalabu hupita siku kadhaa kabla ya dansi. Wa darasa la 8 kushuka chini hawaingii. Aliyefikisha miaka 21 vivyo hivyo. Kosa la kawaida ni kuipeleka fomu shule ya binamu Ijumaa alasiri, ofisi imefungwa.

"Malkia wa homukamingi huchaguliwa na walimu"

Malkia, mwanafunzi anayevishwa taji la homukamingi, hupigiwa kura na wanafunzi, na hutangazwa aghalabu wakati wa mapumziko ya mechi. Robo nne za dakika 12 husimamishwa mara kwa mara, kwa hiyo mechi ya saa moja usiku huisha karibu saa tatu unusu au zaidi. Dansi ina kanuni yake: katika shule nyingi, aliyetoka harudi ndani. Ukimwita mtoto aje garini kuchukua koti, umemmalizia usiku.