Mkalimani wa lugha ya alama: anasomea nini, anafanya kazi wapi

Mkalimani wa lugha ya alama ni mtaalamu anayewawezesha kiziwi na mtu anayesikia kuelewana, kila mmoja akitumia lugha yake. Wengi hudhani kwamba anayejua alama ameshakuwa mkalimani. Sivyo. Mkalimani hubeba maneno ya mtu mwingine huku msemaji akiendelea kusema, asipunguze wala asiongeze lake.

Mafunzo huanza na lugha yenyewe, na hapo huchukua miaka. Hakuna lugha moja ya alama ya dunia nzima. Ya Marekani na ya Uingereza ni lugha mbili tofauti, ingawa nchi zote mbili huzungumza Kiingereza. Sarufi yake haikai mikononi tu: katika lugha nyingi za alama, kupandisha nyusi hugeuza kauli kuwa swali la ndiyo au hapana. Mambo haya hujifunzwa kwa kuishi na viziwi na kufundishwa nao. Kozi isiyo na mwalimu kiziwi hata mmoja, mimi ningeikwepa.

Ndipo hufuata ukalimani: kupokea na kutoa kwa wakati mmoja, istilahi za hospitali na mahakama, na maadili, hasa kutunza siri. Akili huchoka upesi, kwa hiyo kwenye shughuli ndefu wakalimani wawili hupokezana kila baada ya dakika 20 hivi. Baada ya stashahada au shahada, mwanafunzi hufanya kazi chini ya mzoefu, kisha, katika nchi zenye utaratibu huo, hufanya mtihani wa kupata ithibati. Nchini Marekani chama cha taaluma hii, RID, kilianzishwa mwaka 1964.

Watoto wa wazazi viziwi huanza na hazina kubwa ya lugha, lakini nao wanahitaji mafunzo. Mtoto kumtafsiria mama yake habari za ugonjwa mzito ni mzigo asiostahili kutwishwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unataja wakalimani wenye taaluma katika kifungu cha 9.

Wengi huanzia kazi darasani, wakiwakalimania wanafunzi viziwi; wengine huingia kwenye runinga, mikutano au ukalimani kwa simu ya video. Mahakama na hospitali ziachiwe wenye uzoefu, kwani kosa moja huko huweza kumgharimu mtu uhuru au afya. Viziwi nao ni wakalimani: pale mteja asipoijua vizuri lugha ya alama iliyozoeleka, mkalimani kiziwi hushirikiana na mwenzake anayesikia.