Chuma kiunoni hakimaanishi usalama zaidi

Miongoni mwa wanaopogoa miembe na mikungu hapa Dar, Upanga hadi Oysterbay, kuna imani ya siku nyingi: kamba ya kiunoni (ile inayomfunga mpogoaji kwenye shina) yenye kirekebishi cha chuma, kifaa cha kuirefusha na kuifupisha, ni salama, ya fundo ni ya asiye na hela. Si kweli.

Chukua fundo la Prusik, lenye jina la Mwaustria Karl Prusik aliyelieleza mwaka 1931. Zungusha kitanzi cha kamba nyembamba mara tatu kwenye kamba kuu, yaani ile ya kiunoni, panga mizunguko ilale sambamba bila kupandana, kisha vuta kwa nguvu. Linang'ata. Ondoa uzito, ulisukume kwa kidole gumba, linasogea. Lakini kitanzi kikilingana unene na kamba kuu, mshiko unakuwa dhaifu, na kamba iliyolowa mvua ya masika haishiki kama kavu. Lijaribu kila mara kabla ya kuliegemea.

Chuma ni chepesi kurekebisha kwa mkono mmoja, hilo nakiri. Ila kila kifaa kimeandikwa unene wa kamba kinaoukubali. Kipe kamba nyembamba kuliko hapo, itateleza. Utomvu wa mwembe na mchanga navyo hugandisha kibanio kisirudi sawasawa.

Msumeno wa mnyororo hauchagui: hukata kamba yenye fundo na yenye chuma vilevile. Ndiyo maana anayekata juu hujifunga sehemu mbili, na kamba ya kiunoni hukazwa, hailegezwi.