Maumivu ya mgongo kwenye mjengo ni jeraha la kazi

Malalamiko yanayofika ofisini kwetu hapa Kisumu siku hizi si ya walioanguka kutoka jukwaani peke yao. Kuna hendimani wa miaka ishirini na kitu ambaye hawezi kuinama afunge kamba za viatu. Kuna fundi wa plasta ambaye mkono haupiti bega.

Tazama slabu ikimwagwa. Mfuko wa simiti ni kilo 50. Wawili wanauinua, wanamtwika mwenzao begani, naye anapanda ngazi ya mbao akitafuta pa kukanyaga. Chini, anayejaza karai anainama, anapinda kiuno, anarusha, anainama tena, na hapumziki kwa sababu konkriti haingoji. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, inaweka kikomo cha kilo 23 hata pale mzigo ukiwa karibu na mwili na kiuno hakipindi. Huku kwetu tunabeba zaidi ya mara mbili ya hapo, tena tukiwa tumepinda.

Na ule mkanda wa kiunoni unaovaliwa wakati wa kubeba mizigo haukingi mgongo. Tumelisema hili sana, na bado wasimamizi wanaununua wakidhani wamemaliza wajibu wao. Kinachosaidia ni kupunguza kubeba: wilbaro, kapi na kamba, simiti ishushwe pale inapochanganyiwa, mawe yapangwe usawa wa kiuno, wanaojaza karai wapokezane. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mtu mzigo ambao uzito wake unaweza kumuumiza. Kusema “huyo ni mvivu” si utetezi.

Ukiumia, mjulishe mwajiri mara moja, kwa mdomo au kwa maandishi. Chini ya WIBA, yaani Sheria ya fidia kwa walioumia kazini, mwajiri ana siku 7 tangu apate habari kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Dai la fidia liwasilishwe ndani ya miezi 12. Wengi huja kwetu baada ya miaka 2 ya kuchuliwa na kupaka dawa, wakati ushahidi umeshapotea. Kibarua wa kulipwa jioni naye aripoti. Asijihukumu mwenyewe kwamba hahusiki. Fidia hukadiriwa kwa ripoti ya daktari, kwa hiyo mweleze uliumia ukiinua nini, siku gani, na umwombe ayaandike.