Injini ya Pili si Tairi la Akiba: Dhana Potofu na Ukweli kuhusu Ndege Ndogo za Injini Mbili

Abiria wanaokodi ndege ndogo Kajjansi au Entebbe kwenda Kidepo, Kihihi au Kasese mara nyingi huuliza kwanza ndege ina injini ngapi, na wakisikia ni mbili nyuso zao hukunjuka. Swali si baya. Tatizo ni jibu ambalo tayari wamejijibu moyoni kabla ya kuambiwa.

Dhana: Injini moja ikizimika, ndege hubaki na nusu ya uwezo wake.

Hubaki na nusu ya nguvu, na hilo ni jambo jingine kabisa. Bodaboda iliyobeba mikungu mitatu ya matoke haihitaji nguvu zake zote barabara ikiwa tambarare. Mlimani ndipo inapodaiwa kile kinachobaki baada ya kujisukuma yenyewe pamoja na mzigo. Ndege nayo hupanda kwa nguvu ya ziada, ile inayosalia baada ya kushinda ukinzani wa hewa, na injini moja ikizimika ziada hiyo ndiyo inayoliwa kwanza. Kwa nyingi za ndege hizi, kupoteza nusu ya nguvu ni kupoteza asilimia 80 au zaidi ya uwezo wa kupanda, hasa ikiwa propela ya injini iliyokufa bado inazungushwa na upepo, kwa kuwa propela inayozunguka bure huikokota ndege nyuma mpaka rubani ageuze mapanga yake yakabili upepo kwa ukingo.

Wengi hushangaa kusikia kwamba hata sheria haikudai zaidi ya hapo. Kanuni za Marekani zilizotumika kuidhinisha sehemu kubwa ya ndege hizi hazikuilazimisha ndege ya injini mbili yenye uzito usiozidi paundi 6,000, na ambayo mabawa yake huendelea kuibeba mpaka kasi ishuke kufikia noti 61 (kama kilomita 113 kwa saa), ionyeshe kwamba inaweza kupanda kwa injini moja. Mtengenezaji alitakiwa kupima na kuandika matokeo kitabuni, hata kama matokeo yenyewe ni kushuka.

Hapa Uganda jambo hilo lina uzito wa pekee. Kiwanja cha Entebbe kipo futi 3,782 juu ya usawa wa bahari. Piper Seminole, ndege inayotumika sana duniani kufundishia marubani wa injini mbili, ikiwa imejaza uzito wake wa juu, kitabu chake kinaweka kikomo cha kupanda kwa injini moja kwenye futi 3,800 hivi, tena kwa hewa ya kipimo cha kawaida, ambayo kwa kimo cha Entebbe ingekuwa na joto la nyuzi 7 au 8 tu. Ni nani aliyewahi kutetemeka kwa baridi ya nyuzi 7 Entebbe saa saba mchana? Joto likiwa nyuzi 26 au 27, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba kiwanja kipo futi 6,000. Ndege iliyojaa hivyo, injini yake moja ikizimika mara tu baada ya kupaa, haina kikomo cha kufikia. Tayari ipo juu ya kikomo chake, na kazi ya injini iliyobaki ni kupunguza mwendo wa kushuka. Kisoro, ambako ardhi yenyewe ipo zaidi ya mita 1,800, hesabu ni mbaya zaidi.

Dhana: Hatari ni ndege kukosa nguvu na kuanguka.

Ndege nyingi za aina hii zilizoangamia baada ya injini moja kuzimika hazikuanguka kwa kukosa nguvu, zilipinduka. Injini zimewekwa kwenye mabawa, kushoto na kulia, kwa hiyo moja ikizimika ile nyingine huisukuma ndege upande mmoja, pua inageuka, bawa la upande uliokufa linashuka. Kinachozuia hayo ni usukani wa mkia, na usukani huo hupata nguvu kutokana na kasi ya hewa inayoupitia. Chini ya kasi fulani, hata rubani akikandamiza kanyagio mpaka mwisho, mkia hauwezi kushindana na injini. Kasi hiyo ya chini kabisa ya udhibiti huchorwa mstari mwekundu kwenye saa ya mwendo; mstari wa buluu, ulio juu yake, huonyesha kasi inayoipa ndege nafasi bora ya kupanda kwa injini moja. Ndiyo maana rubani aliyefika chini ya mstari mwekundu huenda akalazimika kuipunguza nguvu injini nzima iliyobaki, jambo ambalo mkono wa mtu mwenye hofu haulipendi.

Mwanafunzi hufundishwa kwa miguu. Mwalimu huvuta ghafla wenzo unaopunguza nguvu ya injini moja, pua inakwenda pembeni, mwanafunzi anakanyaga ili kuirudisha, kisha anajiuliza ni mguu upi hauna kazi. Upande wa mguu huo ndio upande wa injini iliyokufa. Hatua hiyo ina maana yake, kwani wapo marubani waliozima kwa haraka injini iliyokuwa nzima.

Mafunzo yenyewe yamewahi kuua. Piper Twin Comanche ya miaka ya 1960 ilipata ajali kadhaa wakati walimu wakionyesha kasi hiyo ya udhibiti, hadi kasi iliyochapishwa ikapandishwa kutoka maili 80 hadi 90 kwa saa. Mitego ilikuwa miwili na ilikutana: kadiri kimo kinavyoongezeka, injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupungukiwa nguvu, hivyo kasi ya udhibiti hushuka, lakini kasi ambayo bawa hushindwa kubeba haibadiliki kwenye saa. Kasi hizo mbili zikikaribiana, bawa linashindwa huku injini moja ikisukuma kwa nguvu, na ndege inaanza kuzunguka ikielekea chini. Kuidhinishwa kwa ndege hizi hakukudai zithibitishwe kuweza kutoka katika mzunguko huo.

Dhana: Basi injini zingewekwa mbele na nyuma, tatizo lingekwisha.

Kampuni ya Cessna ilijaribu. Skymaster, ambayo toleo lake la kwanza liliruka mwaka 1961, ina injini moja puani na nyingine nyuma ya kibanda, kwa hiyo haigeuki pembeni. Lakini injini ya nyuma, ambayo rubani haioni, ilizimika mara kadhaa chini uwanjani bila mtu kugundua, ndege ikajaribu kupaa kwa injini moja. Mwaka 1977 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliamuru kibandikwe kibao mbele ya rubani kinachokataza kuanza kupaa kwa injini moja. Kwa maoni yangu kibao hicho kinaeleza mengi kuhusu akili ya binadamu kuliko kuhusu injini.

Dhana: Ajali hutokana na injini.

Injini mbili zinazonywa tangi moja la makosa huzimika pamoja. Mnamo Agosti 2014, huko Las Cruces, Marekani, Cessna 421 ya kubeba wagonjwa ilijazwa mafuta ya ndege za jeti badala ya petroli ya ndege, na wote wanne waliokuwemo wakafa. Cessna 402 iliyomuua mwanamuziki Aaliyah huko Bahamas mwaka 2001 ilikuwa imezidisha uzito kwa mamia ya paundi, na mzigo umeelemea nyuma. Karibu na kwetu, ndege ya jeshi la Kenya aina ya Y-12, ya injini mbili, iligonga kilima karibu na Marsabit tarehe 10 Aprili 2006 katika hali mbaya ya hewa, watu 14 wakafa.

Dhana: Injini moja daima ni hatari zaidi.

Ndege yenye injini mbili ina karibu mara mbili ya uwezekano wa kupatwa na hitilafu ya injini. Nayo Cessna Caravan, ndege ya injini moja ya turbini (injini ya aina ya jeti inayozungusha propela), inayopeleka watalii na wamishonari mbugani, inategemea injini ya aina iliyoaminika kiasi kwamba tangu mwaka 2005 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limeruhusu, kwa masharti, ndege za injini moja ya turbini kubeba abiria kibiashara usiku na ndani ya mawingu. Hata hivyo faida ya injini ya pili ipo, na ipo hasa safarini: katikati ya Ziwa Viktoria, ukiwa juu vya kutosha, injini moja hukushusha polepole na kukupa muda wa kufika ufukweni.

Basi abiria anayetaka kujua usalama wake na aitazame mizani. Pale unapoambiwa begi lisizidi kilo 15, tena liwe laini, kisha wewe mwenyewe ukaombwa upande mizani mbele ya watu, usione haya wala usipunguze kilo mdomoni. Rubani anatafuta ile ziada ndogo ambayo injini iliyobaki itaihitaji ng'ambo ya mwisho wa njia ya kurukia.